Fimbo ya Mboji

Jumanne hiyo haikuwa na lolote. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, nami nilikuwa nimetoka Kerugoya kumsaidia dada yangu Monicah kutengeneza lundo la mboji katika shamba lao, nje kidogo ya Gatitu. Mumewe, Muriithi, tulikuwa tumemzika miezi minne kabla, kwenye pembe ya shamba hilo hilo. Tangu hapo Monicah alikuwa akiongea kidogo na kula kidogo zaidi. Kilimo bila kemikali ndicho pekee kilichokuwa kikimtoa kitandani, na mimi sikutaka kingine ila dada yangu apone.

Tulipanga mabua, majani mabichi, samadi ya mbuzi, jivu. Likabaki tabaka la udongo. Mwalimu wa kikundi chao cha wakulima alikuwa amesisitiza uwe udongo ambao haujawahi kuguswa na dawa, kwa kuwa huo ndio ulio na uhai. Muriithi, alipokuwapo, alinyunyiza dawa shamba zima, isipokuwa ile pembe ya makaburi ambayo haikulimwa tangu enzi za baba yake.

Monicah akachukua karai, akaelekea huko.

“Hapo ni kwa Muriithi,” nikamwambia.

“Yeye ako chini. Mimi nachukua ya juu tu.”

Nilipaswa kukataa. Badala yake nilimbebea karai.

Mwishowe akachomeka ndani ya lundo fimbo ndefu niliyokuwa nimeichonga, akailaza mshazari. Ndicho kipimo chetu: unaichomoa baada ya siku tatu, na ikitoka moto, mboji inaiva.

Siku ya tatu akaichomoa, akanipa. Haikuwa moto. Ilikuwa na joto la mkono wa mtu.

Lundo huchemka, kisha hupoa. Hili halikuchemka wala halikupoa. Wiki sita nilizokaa naye, joto lile lile, na majani ndani bado mabichi. Monicah akaanza kula. Akaanza hata kucheka, nami nikafurahi kama mjinga. Kisha nikagundua kwamba kila asubuhi alikuwa akikaa pale, ameikumbatia ile fimbo. Nilipompa chai, vidole vyake vikagusa vyangu. Vilikuwa baridi, kama vya mtu aliyetoka kuosha vyombo nje alfajiri.

“Ni joto yake, Wamae,” akaninong’oneza. “Alikuwanga hivi akiamka.”

Kila wiki baridi ilipanda. Vidole. Viganja. Viwiko.

Jumapili moja, akiwa kanisani, nikalibomoa lile lundo. Sikuweza kutenganisha udongo na majani, basi nikarudisha lundo lote kaburini, wilbaro baada ya wilbaro. Fimbo nikaivunja, nikaitia jikoni, nikasimama hapo hadi ikawa majivu.

Aliporudi alipatazama mahali pale palipokuwa na lundo. Nilingoja matusi.

“Umemrudisha?”

“Ndiyo.”

“Sasa mimi nitashika nini?”

Asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Tulimzika kando ya mumewe. Sikulia. Sijalia hadi leo. Ni kama nilidungwa sindano ya ganzi, nayo haijaisha.

Siku ya tatu baada ya mazishi niliikuta fimbo kwenye kaburi la Monicah. Imechomekwa mshazari. Nzima. Ncha ni ile ile niliyoichonga kwa mkono wangu.

Nikaichomoa. Ilikuwa na joto.

Najua nilipaswa kuichoma tena. Lakini huyo ni dada yangu, na mara ya kwanza nilipoichoma nilimpoteza. Siku hizi shamba nalilima mimi. Kila asubuhi napita pale, naishika, kidogo tu, kisha nairudisha.

Jana mke wangu, Warigia, alipokea kikombe mkononi mwangu, vidole vyetu vikagusana, akashtuka.

“Wamae, ati umekuwa ukiosha nini na hii baridi yote?”

Sikuwa nimeosha chochote.