Picha ya Dakika Kumi

Niseme mapema, kabla hamjaambiwa na wengine: siku ile mjinga nilikuwa mimi. Walikuwapo watu wengi waliostahili nafasi hiyo, lakini niliwawahi.

Nyumbani kwetu watu wawili wanaishi kwa brashi. Baba ni fundi rangi. Hupaka nyumba, maduka na mageti, na siku hizo alikuwa amepata kazi ya kupaka hospitali. Shangazi, mdogo wake baba, anakaa chumba cha uani, naye huchora picha. Nilikuwa naziita picha kwa heshima tu, maana hazikuwa na mtu, mti, wala mbuzi. Zilikuwa rangi na maumbo: duara lililokatika, mstari mpana, kipande cha gunia kilichobandikwa kwa gundi, mchanga uliochekechwa na kuchanganywa na rangi.

Kila asubuhi kabla ya shule nilifagia ua, na kila asubuhi nilikuta bati bovu ambalo hata jaa lingelikataa.

"Usitupe hilo," Shangazi aliniambia siku moja kutoka dirishani. "Naitaka kutu yake."

"Kutu, shangazi?"

"Nitajie rangi ya dukani inayofanana nayo."

Baba alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mimi ukuta wangu ukitoka madoa, mwenye nyumba ananifukuza. Wewe ukitoa madoa, unasema umefanya kazi!"

Nami nikacheka. Kumcheka mtu ukiwa umejificha nyuma ya baba ni raha isiyo na gharama.

Mwaka huo hospitali ilitaka picha za ukumbi wa kusubiri. Shangazi aliambiwa alete tatu Jumamosi zikaguliwe. Zikipita, kuta zote za ukumbi ni zake. Hakuwahi kupata kazi kubwa namna hiyo. Basi asubuhi tatu mfululizo alikwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, mzima wa afya, akitazama jua linavyoingia dirishani na kuhama ukutani. Kisha akajifungia chumbani wiki sita.

"Wiki sita!" nilimwambia rafiki yangu, tuliyemwita Mluzi kwa sababu pengo lake la meno lilipiga mluzi kila alipozungumza. "Mimi dakika kumi tu, na hakuna atakayejua."

"Shangazi yako atajua."

"Huyo sawa. Hao wakubwa je? Watatikisa vichwa waseme 'mmh', kisha waende kunywa chai."

Ijumaa alasiri nikachukua ubao wa plaiwudi ambao Baba alikuwa ameupaka rangi ya mafuta, nyeupe, inayong'aa kama sahani. Nikaumwagia rangi za maji: nyekundu, manjano, buluu. Nikapitisha ufagio juu yake. Mluzi alihesabu muda. Kazi ilichukua dakika tisa. Ya kumi niliitumia kujisifu.

Kesho yake Shangazi alitangulia hospitalini kupiga misumari, kisha akatoka kwenda ofisini kumwona daktari mkuu. Mimi aliniachia picha zake tatu, zimefungwa kwa mashuka, nizipeleke na kuzitundika. Aliniamini, na imani hiyo ndiyo niliyoichezea. Picha yake ya tatu niliisukuma uvunguni mwa kitanda chake. Ubao wangu nikaufunga kwa shuka lake.

Nilipofika ukumbini na Mluzi, Baba alikuwa juu ya ngazi, anamalizia ukuta wa mwisho kwa rangi ya kijani. Hakugeuka. Nikatundika zote tatu. Punde Shangazi akaingia na daktari mkuu, pamoja na muuguzi mkuu, mama mpana asiyecheka hovyo.

Shangazi aliuona ubao wangu mara moja. Akanitazama. Akamgeukia daktari, lakini daktari alikuwa ameshafungua faili lake. Mimi na Mluzi tukabana vicheko.

Muuguzi hakusimama mbele ya picha na kujishika kidevu. Aliketi kwenye benchi. "Wagonjwa wangu hukaa hapa hata kwa muda wa saa tatu," alisema, "acha nami nikae."

Akaitazama ya kwanza, ya kutu na mchanga. Jua lilikuwa likipanda, na kadiri lilivyogusa ukuta, chembe za mchanga zilianza kuwaka moja moja, kahawia ikawa dhahabu.

"Hii inakwenda na jua," alisema. "Mgonjwa akiichoka, atakuta imeshabadilika."

Ya pili, ya gunia, aliitazama muda mrefu, na nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Alipofika kwa ubao wangu akakunja uso.

"Hii inapiga kelele tu. Kama mtu asiye na la kusema aliyepewa kipaza sauti."

Nikaacha kumtazama Mluzi. Jua nalo likafika pale. Ubao ukapata joto, rangi nyekundu ikapasuka pembeni, ikajikunja kama gaga la kidonda, ikaanguka sakafuni. Daktari akaigusa ya manjano kwa kidole. Ikamfuata yote.

"Mama," alimwambia Shangazi, "magamba hapa tunayatibu, hatuyatundiki." Akafunga faili. "Kama kazi yako ndiyo hii, tusipotezeane muda."

Baba akageuka kule ngazini. "Haa! Mjinga gani huyo amepaka maji juu ya mafuta bila kupiga msasa? Hata mtoto wangu hawezi kufanya upuuzi huo!"

Shangazi angeweza kunitaja. Alikunja shuka lake, akalikunjua, akalikunja tena. Wiki sita zake zilikuwa zinaelekea mlangoni, ndani ya faili, kwapani mwa daktari. Mluzi akanivuta shati. "Nyamaza. Twende zetu."

"Ni mtoto wako, Baba," nikasema.

Ngazi ikatikisika. Nikaeleza yote: ufagio, dakika kumi, shuka, uvungu wa kitanda. Daktari alinitazama kama mtu anayetazama nzi kwenye bandeji. "Dakika kumi," alisema, "una mbio. Sasa zitumie mbio hizo kuileta picha yenyewe."

Nilikimbia, Mluzi nyuma yangu akipuliza kama birika. Picha ya tatu ilikuwa duara moja la buluu, limepakwa tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, mpaka ukadhani unaweza kuingiza mkono ndani yake. Tulipoitundika, muuguzi akaketi tena. Daktari naye akaketi, "dakika moja tu," akaitwa mara mbili wodini kabla hajainuka. Aliposimama alifungua faili, akasaini.

Adhabu yangu ilikuwa kipande cha msasa. Nilisugua ubao ule Jumapili nzima, mpaka vidole vikawa havina hamu ya kushika kijiko, na Shangazi amekaa kando yangu.

"Kudharau kitu usichokijua ni ujinga," aliniambia, "lakini ujinga huo hupona. Wewe ulikijaribu dakika kumi ukadhani umekijua. Huo hauponi mpaka upigwe msasa. Na kusema 'ni mimi' mbele ya watu, hapo ulinikomboa. Hilo sitalisahau, kama ambavyo sitausahau ufagio."

Baba alikuwa akizungukazunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mwishowe akashindwa kujizuia.

"Sawa, dada yangu. Wameipenda, umepata kazi, nimenyamaza. Lakini niambie ukweli: lile duara ni picha ya nini?"

Shangazi alipuliza vumbi la msasa mkononi mwake.

"Na ule ukuta wako wa kijani, kaka, ni picha ya nini?"