Gari Kamili, Ila Rota

Jioni moja ya Ijumaa, mwezi wa Agosti 1999, nilitoka nyumbani kununua mafuta ya taa na daftari la shule la binti yangu. Nikiwa njiani nilipita dukani kwa Velji, kama nilivyokuwa nikifanya kila Ijumaa tangu mwezi wa tatu.

Velji aliuza vipuri vya magari pale Shinyanga mjini. Mwanawe, Sanket, alikuwa ameweka kompyuta nyuma ya duka, kati ya mabomba ya egzosi na makopo ya grisi, akaiunganisha na waya wa simu. Wengine walikwenda pale kuwaandikia ndugu zao walio ng'ambo. Mimi nilikwenda kutazama magari makuukuu yanayouzwa, yale yaliyoachwa nusu, yanayomsubiri mtu wa kuyakarabati.

"Bwana Akida," Sanket alisema bila kuinua macho, "wenzako wanatafuta wachumba humu. Wewe unatafuta chuma chakavu."

"Sanket," baba yake akamwita kutoka mbele. Sanket akarudi kwenye kompyuta yake.

Velji alikuwa amekuja msibani kwangu. Alijua.

Jambo ambalo Velji hakulijua ni kwamba sikuwa natafuta magari. Nilikuwa natafuta gari moja. Nililiuza mwenyewe, wiki tatu baada ya kumzika mke wangu, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekwenda nalo upande wa Kahama. Tangu hapo sikulala vizuri.

Sanket akafungua ukurasa wa matangazo ambao binamu yake aliuendesha kutoka Mwanza. Simu ililia, ikakwaruza, ikatulia. Maneno yakaja kwanza.

PEUGEOT 404, YA 1966, NYEUPE. KWA MTU WA KUKARABATI. IPO KWA MARCEL, MTAA WA KARASHA, UPANDE WA GEITA. GARI KAMILI, ILA ROTA. MWENYE ROTA AJE NAYO.

Niliusoma mstari wa mwisho mara tatu. Mkono wangu ulikuwa tayari umeingia mfukoni.

Kisha picha ikaanza kushuka. Wakati ule picha ilikuja taratibu, ukanda mmoja baada ya mwingine, kuanzia juu. Ikaja mbingu. Likaja paa, na ule mbonyeo uliosababishwa na tawi la mti mwaka 1994. Kikaja kioo cha mbele.

Nyuma ya kioo, kwenye kiti cha abiria, palikuwa na bega.

Bega lililofunikwa kanga ya manjano yenye korosho nyeusi.

Picha ikakatika hapo. Laini ya simu ilikuwa imeanguka.

"Ndani ya gari kuna mtu," nilisema.

Sanket akainama, akatazama. "Eeh. Mke wa mwenye gari, bila shaka."

Nilisahau kununua daftari.

*

Nieleze rota ni nini. Ni kidude cheusi cha plastiki, kidogo kuliko kiberiti, chenye ulimi wa shaba. Hukaa ndani ya distribyuta na kuzunguka, kikigawa moto kwenye plagi. Ukikitoa, stata itazunguka mpaka betri life, lakini injini haitawaka. Wenye magari wengi walikuwa na desturi hiyo: unaegesha, unafungua boneti, unachomoa rota, unaitia mfukoni, unalala usingizi. Mwizi hana la kufanya.

Wala mtu mwingine yeyote.

Mke wangu aliitwa Chausiku. Nilikuwa mtaalamu wa miamba, nikifuatana na mashine za kuchoronga ardhi huko kwenye ukanda wa dhahabu, na kila nilipokwenda safari niliondoka na rota. Gari lile nililikarabati miaka minne kwa mikono yangu. Chausiku ndiye aliyenishikia tochi. Alijifunza kuliendesha, tena vizuri.

Juni 1997 alikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi ya safari aliniambia, "Baba Yasmini, safari hii niachie kile kidude chako. Huwezi kujua."

"Nitakiacha juu ya kabati," nilimjibu.

Niliondoka nacho.

Jioni ya siku ya tatu, damu ilianza kumtoka. Jirani yetu Marcel, dereva wa lori la pamba, alimbeba ndani ya kanga yake ya manjano, akamketisha kiti cha mbele ili ampeleke hospitali ya Kolandoto. Akapiga stata. Akapiga tena. Akapiga mpaka betri ikafa. Walipopata pikapu ya mtu, Chausiku alikuwa ameshakata roho palepale kitini, mlango ukiwa wazi, na mtoto tumboni.

Nilifika mazishini. Watu wakaniuliza gari lilikuwa na nini. Nikasema nyaya. Gari la zamani, nyaya zake mbovu.

Hakuna aliyeuliza zaidi.

*

Jumapili nilimwacha Yasmini kwa shangazi yake, nikapanda basi hadi Kahama, kisha nikapanda lori la wafanyabiashara wa dagaa lililokuwa likielekea Geita. Rota ilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa kushoto.

Mtaa wa Karasha ulikuwa makazi ya wachimbaji, vibanda vya turubai na mabati kuzunguka mashine za kusaga mawe. Nilifika jua likizama. Mashine zilikuwa zikizimwa moja moja. Vumbi jeupe lilikuwa limeganda juu ya kila kitu, hata juu ya kope za watu.

Marcel alikuwa ameketi nje ya kibanda chake, miguu ndani ya karai la maji. Alikuwa amekonda.

"Mwadila, Bwana Mawe," alinisalimu kwa Kisukuma. Ndivyo alivyoniita enzi za ujirani. "Nilijua utakuja, ila nilidhani utachelewa. Wasomi mnapenda kufikiri kwanza."

"Tangazo ni lako?"

"Langu. Nilikwenda Mwanza kuuza mzigo, nikamkuta kijana mmoja Mhindi anaandika matangazo kwenye kompyuta. Nikamwambia andika hivi na hivi."

"Ulijuaje kuhusu rota?"

Akatoa mguu mmoja kwenye maji, akautazama.

"Mimi ni dereva, Akida. Gari likikataa, nafungua. Jioni ile nilifungua kifuniko, nikakuta ndani patupu. Nikakirudishia."

"Hukumwambia mtu."

"Ulisema nyaya. Msibani mtu habishiwi." Akautoa na mguu wa pili. "Gari nililikuta Kagongwa, huko Kahama, kwa muuza vyuma. Nikalihurumia, nikalinunua. Hilo ndilo kosa langu mimi. Tangu nilifikishe hapa, kila magharibi linajaribu kuwaka. Wachimbaji wamehama upande huu wote. Wanasema nimezika mtu."

"Betri mbovu wakati mwingine..."

"Njoo uione betri."

Gari lilikuwa nyuma ya kibanda, juu ya matofali, likiwa na magurudumu mawili tu. Marcel akainua boneti. Mahali pa betri palikuwa na kiota cha kuku, mayai matatu ndani yake. Mayai yalikuwa baridi. Kuku mwenyewe hakuwepo.

"Nilimleta mfumu mmoja, mganga wa kwetu," Marcel alisema, na sasa alikuwa akinong'ona. "Alinusa tu huo mlango. Akasema gari halina shida. Kuna mtu anasubiri kitu kilicho mfukoni mwa mtu. Mwenye nacho akirudishe kwa mkono wake, aketi kwenye usukani, na akiulizwa neno ajibu kweli. Basi. Anayesubiri ataondoka."

"Na asipojibu kweli?"

"Nilimuuliza. Akaanza kufunga mkoba wake."

Nikatazama kiti cha abiria. Kilikuwa kitupu.

"Ile picha uliipigaje?" niliuliza.

"Picha gani?"

"Ya kwenye tangazo."

Marcel akarudi nyuma hatua moja. "Bwana Mawe, mimi nilitoa maneno tu. Kamera nitaipata wapi?"

Akageuka akaenda zake. Nilisikia mlango wa bati wa kibanda chake ukifungwa, kisha komeo.

*

Nilifungua distribyuta. Vidole vyangu viliijua kazi hiyo hata bila mwanga. Nikaitoa rota mfukoni. Ilikuwa na joto la mwili wangu. Nikaiweka juu ya mhimili wake, nikaizungusha kidogo mpaka ikakaa, nikasikia ule mlio mdogo.

Tk.

Nikarudishia kifuniko. Nikaingia, nikaketi kwenye usukani.

Ufunguo ulikuwa pale pale. Sikuugusa.

Nyee... nyee... nyee... nyee...

Stata ikazunguka yenyewe, polepole, kama betri inayokaribia kufa. Nikaikaza mikono kwenye usukani. Hesabu zote nilizosoma chuoni zilisema jambo hilo haliwezekani.

Nyee... nyee...

Injini ikawaka.

Iliwaka vizuri, mlio ule ule mtulivu nilioutafuta miaka minne. Kisha ikaja harufu. Mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Chausiku alijipaka tumboni kila jioni, kwa sababu ngozi ilikuwa ikimwasha.

Springi za kiti cha abiria zikalia.

Sikugeuka. Niliinamisha macho tu, na pembeni ya jicho langu nikaona upindo wa kanga ya manjano. Chini yake miguu miwili iliyovimba, kama ya mja mzito, bila viatu. Mguu mmoja ulikuwa na mstari mweusi uliokauka, kutoka kwenye goti hadi kisigino.

"Baba Yasmini."

Sauti haikuwa na hasira. Ningevumilia hasira.

"Nipo," nilisema.

"Ulisahau?"

Hilo tu. Injini ilikuwa ikinguruma taratibu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema ukweli, na hapakuwa na mtu wa kunisikia isipokuwa yeye.

Ukweli ni huu. Wiki moja kabla ya safari, Chausiku alimpeleka mama mmoja wa jirani kliniki, akarudi na mchubuko kwenye madigadi ya kushoto. Mchubuko wa urefu wa kidole. Asubuhi ile ya safari nilisimama mlangoni, rota mkononi, nikaitazama kabati. Zilikuwa hatua tatu. Nikafikiria madigadi. Nikajiambia, bado wiki tano ajifungue. Nikaitia rota mfukoni.

Sikusahau.

"Nilisahau," nilimjibu. "Nisamehe, mke wangu. Nilisahau."

Injini ikazimika.

Kisha mlango wa upande wake ukafunguka, taratibu, ukafungwa. Kwa upole, kama alivyoufunga siku zote, kwa kuwa nilimfundisha asiubamize.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nikigonga kwa Marcel na Marcel akikataa kufungua. Alisema kupitia tundu la bati, "Umemjibu nini?" Niligonga tena. "Basi nenda," alisema. "Nenda naye."

Niliketi kando ya barabara na kina mama wauza uji mpaka lori la alfajiri. Tulipofika Kahama niliingiza mkono mfukoni mwa shati kutafuta nauli ya basi.

Rota ilikuwamo.

*

Ijumaa iliyofuata nilipita kwa Velji. Nilimwambia Sanket afungue lile tangazo. Maneno yalikuwa yale yale. Picha ikaanza kushuka: mbingu, paa, kioo. Safari hii laini haikukatika. Ilishuka mpaka mwisho, mpaka kwenye matofali yaliyobeba gari.

Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Mlango wa upande ule ulikuwa wazi.

"Aa," Sanket alisema. "Yule mama ameshuka."

Nilinunua daftari, nikarudi nyumbani kwa haraka. Adhana ya magharibi ilikuwa ikiisha. Yasmini, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa ameketi kizingitini, ameshika mashavu, akitazama uwanjani, mahali nilipokuwa nikiegesha gari. Hatukuwa na gari tena. Palikuwa na kamba ya nguo tu.

"Baba, hilo gari la nani linakataa kuwaka?"

"Gari gani?"

"Lilikuwa linalia hapa sasa hivi. Nyee, nyee." Aliiga vizuri mno. "Halafu likanyamaza."

Nikamwambia aingie ndani. Hakuinuka. Kizingitini, juu ya udongo niliokuwa nimeufagia mwenyewe asubuhi, palikuwa na alama za miguu mitupu. Mipana, iliyovimba. Ziliingia ndani. Hazikutoka.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Kuna mtu ameniambia nikuulize. Ulisahau?"

Akageuza uso, akanitazama. Ana macho ya mama yake.

"Ulisahau nini, Baba?"

Ndani ya nyumba, harufu ya karafuu ilikuwa imeshaenea. Nilishika rota mfukoni, ikiwa na joto. Nikamjibu mwanangu.

Nilimwambia sikumbuki.

Sasa ni Desemba. Kila magharibi ananiuliza tena, kwa maneno yale yale, na kila siku sauti yake inazidi kuwa nzito, kama ya mama yake.