Kurasa Zisizokuwamo Kitabuni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye cherehani yake sokoni, Bi Asya alimwekea binti yake chupa ya chai, maandazi mawili na jagi la maji, kisha akaurudishia mlango. Khairat alibaki kitandani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta tangu alipoteleza kwenye ngazi ya kuchumia karafuu shambani kwa mjomba wake, kijijini Shumba. Daktari alisema wiki sita. Zilikuwa zimepita mbili tu.

Walikuwa wamehamia Jadida, mjini Wete, mwezi mmoja kabla ya ajali, wakitoka Kisiwa Panza. Khairat hakuwa na rafiki hata mmoja wa kuja kumtazama. Mchana joto la bati lilimshukia kichwani, na aliposikia watoto wakirudi skuli huku wakicheka, machozi yalimlengalenga.

Ng'ambo ya kichochoro, kwenye dirisha lililotazamana na lake, alikaa bibi mwenye nywele nyeupe. Kutwa alimkodolea macho. Siku moja Khairat alishindwa kuvumilia.

"Bibi, mbona unanitazama hivyo?"

"Sikuoni, mjukuu wangu. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Naona vivuli tu. Nani wewe?"

Khairat aliona haya. "Shikamoo, Bibi. Naitwa Khairat. Nisamehe."

"Marahaba. Mimi Ruqaiyabai, mama yake Danish mwenye duka la vitambaa hapa chini. Ngazi siziwezi tena. Na wewe, hutoki kwa nini?"

Tangu siku hiyo wakawa wanazungumza, kila mmoja nyuma ya nondo za dirisha lake. Bi Ruqaiyabai alipojua kwamba Khairat anasoma vizuri, alimtuma Danish ampelekee riwaya moja kuukuu. Ilihusu mjane mkali aliyempangisha chumba nesi mgeni. Mwanzoni wawili hao walinuniana kwa ajili ya ndoo, chumvi na redio. Kidogo kidogo wakawa hawali bila kungojana. Kila siku baada ya adhuhuri Khairat aliisoma kwa sauti, na bibi alisikiliza akitabasamu.

"Bibi, kwa nini hadithi kama hii inapendeza hivi?"

"Kwa sababu ukishinda peke yako, unapenda kusikia kwamba mtu asiyekujua anaweza kukujali."

Zilipobaki kurasa kumi, Khairat alichungulia mwisho. Nesi alihamishwa kikazi, akaondoka. Kitabu kikimalizika, bibi atanihitaji kwa lipi? alijiuliza. Nitabaki na kuta hizi tu.

Basi akaanza kutunga. Alimwingiza mwizi nyumbani kwa mjane. Kesho yake jiko likashika moto. Kisha ikaja harusi iliyochukua siku tatu. Akafunua kurasa huku akijifanya anasoma, na bibi hakusema neno.

Jumatano alasiri, Khairat alisikia sauti ya Danish ikitoka dirishani kwa bibi.

"Mama, upasuaji wako ni kesho asubuhi, Chake Chake. Tumeshaahirisha mara moja."

"Siendi mpaka nijue mwisho wa kitabu. Mtoto anasema kurasa bado nyingi."

"Mama! Madaktari wageni wanaondoka keshokutwa. Hatujui watarudi lini."

Khairat alikitazama kitabu mapajani. Akinyamaza, atabaki na rafiki yake, lakini rafiki huyo atabaki gizani. Akisema, huenda akampoteza. Alizishika nondo kwa mikono miwili.

"Bibi!" aliita. "Kitabu kingekwisha tangu wiki iliyopita. Mwizi, moto, harusi, yote nimetunga mimi. Niliogopa utaniacha."



"Najua," alisema Bi Ruqaiyabai. "Kitabu hicho nimekisoma mara tatu, macho yangu yalipokuwa mazima. Hamna mwizi humo."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu na mimi nilikuwa nasema uwongo. Sikuwa nangoja mwisho wowote. Naogopa kisu cha daktari, mjukuu wangu. Hadithi zako zilinipa kisingizio." Akashusha pumzi. "Haya, nisomee mwisho wa kweli."

Khairat alisoma: mjane akimsindikiza nesi, wote wawili wakilia, na barua ya kwanza ikifika baada ya mwezi. Alipofunga kitabu, bibi alimgeukia mwanawe.

"Danish, kesho tutoke mapema."

Siku nne dirisha la ng'ambo lilikuwa limefungwa. Khairat hakupata kuona siku ndefu kama hizo. Ya tano ilikuwa Jumatatu, na Bi Asya alikuwa bado hajaondoka mlango ulipobishwa. Bi Ruqaiyabai aliingia polepole, ameshikwa mkono na Danish, jicho moja limefunikwa. Jicho la pili lilikuwa bado na ukungu wake, likingoja madaktari warudi. Lile lililofunikwa alilifunua kidogo, akasogea mpaka karibu na uso wa Khairat.

"Mashallah! Kumbe mdogo hivi! Kwa sauti ile nilidhani ni msichana mkubwa."

Wote wakacheka. Kisha bibi akawa makini.

"Sikiliza, Khairat. Uwongo wetu ulikuwa mtamu, lakini ulizidi kutufungia ndani, wewe na mimi. Ulipothubutu kusema kweli, na mimi nikapata ujasiri wa kusema yangu. Ukimpenda mtu, mwambie kweli, hata kama unaogopa ataondoka. Urafiki unaohitaji kudanganywa ili ubaki, huo si urafiki."

"Nimesikia, Bibi," alisema Khairat, akausogeza mguu wake wenye plasta ili ampe nafasi ya kukaa.