Gurudumu Kabla ya Mechi

Mimi sijawahi kumdhuru mtu. Hata sisimizi namruka. Hilo tukubaliane kabla hatujaenda mbali.

Katika Stesheni ya Anga ya Makutupora, Injinia Rehani Sekibaha alisimika Msomakadi: mashine ndefu kama kabati la nguo, jicho moja, sauti ya mwalimu mkuu mstaafu. Unavuta kadi ya juu ya taroti, zile kadi za kutabiria, nayo mashine inakufafanulia kwa falsafa ya Wayunani wa kale. Waganga wa mjini walinuna mwaka mzima.

Injinia alikuwa na sharti moja. "Kadi zichanganywe kwa mkono wa mtu. Bahati ya kompyuta si bahati, ni hesabu. Mara saba, kijana, kwa kila mteja."

Mkono huo ulikuwa wangu.

Siku ya fainali ya kandanda, saa tisa na robo, foleni bado ndefu, akafika Mama Shedafa. Mwanawe alikuwa akichimba madini mwezini. Chombo cha kurudi kilikuwa na viti vichache, na kiti alipewa yule ambaye mzazi wake amemsainia fomu. Dirisha la fomu lingefungwa saa kumi. Shedafa mwenyewe alikuwa ametuma ujumbe: mama usisaini, niache nimalize mkataba.

"Mwanangu, nisaini nisisaini?" akaniuliza.

"Mimi mchanganya kadi tu, mama. Muulize babu wa chuma."

Akavuta. Gurudumu la Bahati.

"Wanafalsafa Wastoa," Msomakadi ikasema, "waligawa mambo mafungu mawili: yaliyo katika uwezo wako, na yasiyo. Gurudumu huzunguka bila kukuuliza. Lililo lako ni ridhaa. Ridhika."

Dakika nne, kwisha. Mama akakunja fomu, akaitia mkobani, akaishukuru hadi mashine.

Chombo kilirudi bila Shedafa. Siku ya kumi na mbili, hewa ilikatika mgodini.

Matangani tulikaa mkekani, Injinia hagusi chakula. "Kusaini kulikuwa ndani ya uwezo wake," alinong'ona. "Kadi ya Mnara, ile ya maonyo, ingemwambia hivyo. Lakini ndivyo bahati ilivyoamua."

"Ndiyo bahati, mkuu," nikaitikia haraka, nikimmiminia kahawa.

Mzee Chambuso, jirani wa wafiwa, asiyeona, akageuza uso. Siku ile alikuwa kwenye foleni, nyuma ya Mama Shedafa.

"Hiyo sauti ni ya kijana wa kadi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama alipata Gurudumu. Mimi Gurudumu. Aliyetutangulia, Gurudumu. Maelezo yake mafupi, eti?"

"Mafupi mno, mzee. Mnara peke yake unakula nusu saa nzima!" Nilicheka. Nikacheka peke yangu.

"Na mechi ilianza saa ngapi?"

Nikatafuta sukari, ingawa ilikuwa mbele yangu.

"Mimi sioni, mjukuu wangu," mzee akasema. "Lakini kadi zikichanganywa zina mlio wake. Nilikaa hatua mbili kutoka mkono wako, tukapita watu watatu. Sikuusikia hata mara moja."

"Mara saba," Injinia akasema polepole, akiniangalia.

Upande wa wanawake, Mama Shedafa aliacha kulia ili asikie vizuri.