Soketi Nyekundu

Jina alilopewa na wazazi wake, pale zahanati hakuna aliyelikumbuka. Wote walimwita Nesi Chapchap, kwa mwendo wake. Ukimtuma maji, kabla hujageuka kikombe kiko mkononi mwako.

Jioni ile alitoka mara moja kununua mkate na maziwa. Ndani alimwacha mama mmoja kijana na kichanga chake kilichokuwa kwenye mashine ya oksijeni, na mama mwenyewe tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Daktari alikuwa safarini, amekwenda kumzika mama mkwe wake. Mtu wa maabara alikuwa ameshafunga chumba chake na kwenda zake. Zahanati nzima ilikuwa juu ya mabega ya Chapchap.

Alikuwa bado dirishani pa duka, pap! Umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukamezwa na giza. Watoto wakapiga zile kelele zao za kila siku. Mwenye duka akaguna, akaanza kupapasa kutafuta kibiriti. Chapchap yeye hakushtuka. Aligeuka kutazama zahanati, na taa zilikuwa zinawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Wenzetu mko peponi," mwenye duka akamtania.

Umeme wa akiba ulikuwa umefungwa wiki hiyo hiyo. Fundi alipanga betri kubwa ndani ya kabati la koridoni, na mlangoni pake akaweka vitaa vya kijani vya kuonyesha chaji iliyobaki. Kisha akabandika ukutani soketi nyekundu chache, moja chumba cha wagonjwa, moja maabara, moja koridoni.

"Hizi nyekundu zinakula kwenye betri," alimwambia Chapchap. "Ni za mashine ya oksijeni na friji la maabara, basi. Sitaki kuona pasi, sitaki kuona birika, sitaki kuona simu."

"Hata simu yako, fundi?"

"Hata yangu. Nikiichomeka, ing'oe."

Chapchap alicheka sana siku ile.

Sasa aliingia koridoni na mkate wake kwapani... akasimama. Kulikuwa na mtu kwenye benchi.

Mama mtu mzima. Amejitanda vizuri, mikono juu ya magoti, ametulia tuli kama mgeni aliyealikwa. Chapchap hakumwona akipita barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Ahsante. Umeleta mgonjwa?"

"Sina mgonjwa. Simu yangu imezima. Nimeangalia mtaa wote, mwenye umeme ni wewe tu." Akatabasamu. "Naomba nichaji kidogo, niwapigie watoto waje kunichukua."

Hapo Chapchap akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya friji lililokaa siku nyingi bila umeme, halafu mtu akalifungua. Akadhani inatoka maabara. Akajisemea atakwenda kutazama akishampa yule mzazi maziwa.

"Samahani, mama. Soketi hizi ni za mashine za wagonjwa tu."

"Kisimu hiki kitakula nini, mwanangu?"

Kilikuwa kisimu cha vitufe, kimekwaruzika, kimefungwa mpira ili kisiachane. Waya wa chaja tayari alikuwa ameushika, na ncha yake ilikuwa inakaribia kabisa soketi nyekundu. Karibu kugusa.

"Ungechomeka tu, mama," Chapchap akasema kwa utani. "Mimi sikuwepo, ningejuaje?"

"Aa-a." Yule mama akatikisa kichwa taratibu. "Sichomeki kwa watu bila ruhusa. Sema wewe. Kwa mdomo wako."

Chapchap akamwona mtu mwenye adabu zake. Na mtu wa umri wa mama yake, giza lote lile nje, angemwambiaje hapana?

"Haya, chomeka. Kidogo tu."

Yule mama akashusha pumzi ndefu. Akachomeka.

Taa zikafifia... zikarudi.

Chumbani, yule mzazi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja juu ya kifua cha mwanawe. Mashine ya oksijeni ilikuwa inanguruma pembeni, inavuta, inatoa, inavuta, inatoa. Chapchap akammiminia maziwa. Akakata mkate.

"Kula, mdogo wangu. Mtoto anaendelea vizuri."

Tiii!

Sauti ilitoka koridoni. Chapchap akachungulia. Kwenye mlango wa kabati, kitaa kimoja cha kijani kilikuwa kimezimika. Lakini fundi alisema betri zikijaa zitafika asubuhi bila wasiwasi.

Tiii!

Cha pili.

"Dada..." Sauti ya mzazi ilikuwa ndogo. "Dada, mtoto anabadilika rangi."

Chapchap akageuka. Midomo ya kichanga ilikuwa imeiva kama zambarau. Akakimbilia mashine. Inafanya kazi. Akaushika mpira wa puani, akausogeza shavuni kwake. Hewa inatoka, anaisikia kabisa. Hewa ipo, mashine iko sawa, na mtoto anaishiwa pumzi.

Tiii!

Akatoka mbio.

Yule mama bado alikuwa kwenye benchi. Ila shingo yake haikuwa na mikunjo tena. Mashavu yalikuwa yamejaa, yanang'aa. Alikuwa mtu mzima alipoingia. Sasa angeweza kuwa dada yake Chapchap.

Mdogo wake.

"Toa simu, mama."

"Bado haijajaa."

Chapchap akaikamata chaja, akavuta. Ilikuwa baridi ya kuunguza. Vidole vikafa ganzi mara moja, na chaja haikutikisika, kana kwamba imeota ukutani.

"Nimekataa! Nasema nimekataa!"

"Ulishasema ndiyo, mwanangu."

Kimebaki kitaa kimoja. Kinapepesa.

Ndani ya kabati kulikuwa na swichi kubwa ya kuzima kila kitu kinachotegemea betri. Kila kitu, pamoja na ile mashine. Chapchap aliitazama swichi, akatazama mlango wa chumba. Mashine hata hivyo haikuwa inamsaidia mtoto... Akafungua kabati.

"Mdogo wangu!" akapaza sauti. "Mkumbatie mtoto! Usimwachie, hata usikie nini!"

Akaishusha.

Tak!

Giza.

Aliingia chumbani kwa kupapasa. Ukutani alijua pa kunyoosha mkono. Akauchukua ule mfuko wa mpira wa kumpulizia mgonjwa hewa, akamtafuta mtoto kifuani kwa mama yake, akamfunika pua na mdomo. Akabinya taratibu.

Fuu... Fuu...

Kimya kote. Hakuna mngurumo. Hakuna king'ora cha betri. Ni ule mfuko tu, na meno ya mama mzazi yakigongana.

Kisha, nyayo peku kwenye sakafu.

Zilikuja bila haraka. Harufu ikatangulia.

"Mwanangu... washa."

Chapchap akabinya. Fuu...

"Nilikuwa karibu kumaliza."

Fuu...

Sauti sasa ilikuwa sikioni mwake, na haikuwa na joto la pumzi. "Basi nigawie moja. Moja tu. Sema haya, niende zangu."

Chapchap akauma mdomo. Pale benchini kilichotakiwa kilikuwa neno lake, na sasa kinatakiwa neno lingine. Akahisi mama mzazi anavuta hewa ili ajibu. Ni mama, angetoa chochote. Chapchap akamsukumia bega lake mdomoni, akambana hapo hapo, huku mkono ukibinya, ukibinya...

Mtoto akapiga chafya.

Kisha akalia. Kilio chembamba, cha hasira, cha mtu aliyeamshwa vibaya.

Mlango wa nje ukafunguka kwa kishindo. Mbwa wote wa mtaa wakabweka kwa pamoja. Na umeme ukarudi.

Benchi lilikuwa tupu. Chaja ilikuwa imeanguka yenyewe sakafuni, na kile kisimu kando yake. Chapchap akakitoa mpira kwa kibano cha vidonda. Ndani hamkuwa na betri. Hamkuwa na waya wala chochote cha simu. Kulikuwa na kitu kidogo, kikavu, cheusi, kimezungushiwa uzi wa kijani.

Mama mzazi alikiona, akajiziba mdomo.

"Ni kitovu cha mwanangu. Uzi ule nilimfunga mimi mwenyewe."

"Kimefikaje huku?"

"Kilipoanguka nilikiweka chini ya mto wangu. Kesho yake sikukiona. Na usiku huo ndio akaanza kukosa pumzi."

"Nyumbani kulikuwa na mgeni?"

Yule dada alimfunika mtoto vizuri, anamwangalia.

"Hapana," akasema. "Tulikuwa watu wa nyumbani tu."

Hakutaja mtu, na Chapchap hakumlazimisha. Mtoto alipopona, gari lililokuja kuwachukua liliwapeleka kwa shangazi wa yule mama kijana, upande wa pili wa mji. Baba wa mtoto alikuja zahanati mara mbili kuwaulizia. Chapchap alimwambia hajui walikokwenda.

Fundi alikagua betri, akakasirika. "Mmeniita bure. Zimejaa zote. Siku ile hazikutumika hata kidogo."

Daktari aliporudi alivitazama vidole vya Chapchap, akavibonyeza, akasema ni damu haizunguki vizuri. Akampa vidonge. Havikusaidia kitu. Vidole vile ni baridi mchana kutwa, hata akivifumbata kwenye kikombe cha chai ya moto.

Ila umeme ukikatika na betri zikapokea, vinapata joto.

Ni joto zuri. Linaanzia kuchani, linapanda mkononi, linaingia kifuani taratibu, na kwa muda huo uchovu wote unamtoka. Jirani zake wanasema siku hizi amenawiri. Wanamuuliza anapaka nini.

Hivi karibuni umeme ulipita wiki nzima bila kukatika. Jioni moja, chumbani mlikuwa na mtoto kwenye mashine. Chapchap alikuwa anapita na trei ya dawa, mwendo wake ule ule. Akashtuka trei iko sakafuni, vidonge vimetapakaa, naye amesimama mwisho wa korido, hajui amefikaje.

Mkono wake ulikuwa juu ya swichi kuu ya umeme wa mtaa, ile ambayo ikishuka betri zinapokea.

Na ulikuwa umeshaanza kushuka.