Mkwe Asiyekunywa Maji

Bidoni tupu, dumu la maji, ilidondoka kutoka kwenye pikipiki, ikaviringika katikati ya watu na kwenda kutua juu ya vitenge ambavyo Abigaël alivitandaza kuuza. Boti la Kigoma lilikuwa limefika sasa hivi, na bandari ya Kalemie ilijaa wabebaji, wauza dagaa na makelele. Kijana mmoja akaruka chini na kuja mbio, shati jeupe limejaa madoa ya kahawia kifuani.

“Pardo, mama! Haikukuumiza?”

“Mama ya nani? Miye njo nilikuzaa?” Abigaël alimkata jicho.

“Basi, dada.”

“Na dada sitaki. Chukua bidoni yako, inanichafulia kitenge.”

“Nikikinunua hicho kitenge, utaniambia jina?”

Akakinunua kweli, kile cha manjano chenye maua mekundu. Aliitwa Germain, mtu wa Kongolo, mfanyakazi wa biro moja, ofisi ya maji pale mjini. Jioni alipiga simu kuuliza kitenge kinafuliwaje. Kesho yake akapiga kuuliza kama Abigaël amekula. Mwezi haukuisha, Abigaël akawa anaongea na simu hadi sombe, ile mboga ya kisamvu, inaungua jikoni.

“Sheri, umeamuka?”

“Zamani! Weye njo unalala, mvivu.”

Abigaël akamleta Germain nyumbani, na hapo shida ikaanza. Mama yake, Mama Victorine, mjane wa mvuvi, alikuwa na kisima uani. Majirani wote walichota pale bure, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake mtaani. Mgeni akiketi tu, anapewa kikombe cha maji. Germain alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka chini. Hakukigusa. Jumapili iliyofuata vilevile. Kisha siku moja akaja amebeba bidoni ya maji, eti zawadi.

Loo! Maji, kwa mtu mwenye kisima! Sasa wewe usingeshangaa?

“Ni ya kunywa, Mama,” alisema, macho chini. “Tafadhali, mukunywe haya.”

Alipoondoka, Mama Victorine aliyamwaga yote kwenye mchicha wake wa lengalenga.

“Maji yetu anaogopa, yake anatulazimisha. Muntu gani huyo? Mule muko dawa, mwanangu. Anataka kukufunga.”

“Mama, Germain anasali.”

“Hata wachawi wanaimba kwaya!”

Abigaël alicheka, lakini shaka ilikuwa imeshamwingia. Kwa nini Germain alikodolea macho viganja vya Mama, vyenye madoa na ngozi ngumu, ambavyo Mama alisema vimeharibiwa na sabuni? Kwa nini simu ya biro ikilia anatoka nje? Jumapili moja, alipotoka hivyo na simu yake, Abigaël alifungua mfuko wa Germain. Ndani kulikuwa na chupa ya kitu kizito cha kahawia, chenye harufu ya kutu. Akaibeba hadi uani, walipokuwa Germain na Mama.

“Hii ni nini? Unatutilia hii kwenye bidoni?”

“Ndiyo,” alijibu Germain, na Mama Victorine akapiga yowe.

“Ngoja, Mama! Ni dawa ya chuma. Biro wamenipigia sasa hivi, majibu ya vipimo vya laboratwari yametoka. Kisima hiki kina arseniki. Ni sumu inayotoka kwenye mawe ya chini, haina rangi, haina harufu. Inakula muntu polepole. Mama, viganja vyako si sabuni. Tukitia hii chuma ndani ya maji, inaikamata ile sumu, vyote vinashuka chini kama matope. Tunachuja na mchanga, maji yanabaki mazuri. Njo hayo nilikuwa naleta.”

Mama Victorine aliketi chini.

“Ulijua tangu lini?” Abigaël aliuliza.

“Siku ya kwanza. Mama aliponipa kikombe niliona mikono yake. Nikachota kidogo, nikapima, kipimo kikageuka rangi. Papa Prospère, chef wangu, mkubwa wa biro, akanikataza kusema mpaka laboratwari ijibu. Aliogopa watu watatupiga mawe.”

“Ukanyamaza. Ukaweka kikombe chini, ukamuangalia mama yangu anakunywa.”

“Nilileta bidoni...”

“Mdomo huna?” Machozi ya hasira yalimtoka. “Toka hapa! Sitaki kukuona.”

“Niliogopa kupoteza kazi,” Germain alisema taratibu. “Na kukupoteza weye.”

“Abigaël, punguza sauti,” Mama Victorine alinong’ona. “Adrienne wa hapo jirani atasikia. Mtaa wote utasema nimewaua. Tunyamaze kwanza. Tufunge kisima, tuseme kamba imekatika.”

Abigaël alimtazama mama yake. Mwanamke ambaye hakuwahi kumnyima jirani maji, leo anatafuta uongo, kwa woga uleule wa Germain. Hasira haikumwisha, hapana, lakini alifuta machozi na kukaza kitenge kiunoni.

“Mutoto wa Adrienne anapikiwa uji na maji haya. Germain, kuja. Utasema mwenyewe, nyumba kwa nyumba.”

“Chef atanifukuza.”

“Akufukuze.”

Germain alisita, akachukua chupa yake, akamfuata. Walikuwa hawajafika kwenye ua wa Adrienne waliposikia kandambili nyuma yao.

“Ngojeni,” alisema Mama Victorine, akihema. “Kisima ni changu. Nitasema miye.”

Simu ya Germain ikalia. Sauti ya Papa Prospère ilisikika kwa wote.

“Uko wapi? Usiseme kitu mpaka nikuambie!”

“Nimeshaanza kusema, Papa Prospère.”

“Na nani? Uko na nani hapo?”

“Niko na bibi yangu, na mama mukwe.”

Abigaël aligeuka ghafla. “Bibi yako nani? Sijakubali kuolewa.”

“Najua.”

“Nitakusikiliza kwanza. Kwenye kila mlango.”

Akamshika Germain mkono, akapiga hodi kwa Adrienne.