Nilimwita Mama Mkwe Muuaji kwa Sababu ya Mkono wa Kiti cha Mtoto

"Toa mikono yako kwa mwanangu! Toa!"

Sauti hiyo ilikuwa yangu, jamani. Niliipaza katikati ya korido ya hospitali hapa Toyama, mpaka wagonjwa wakageuka. Na niliyekuwa namfokea alikuwa mama mkwe wangu, Bi Fumiyo, amesimama na kimono chake, lile vazi refu la heshima la Kijapani, pindo lote limelowa theluji.

"Misuzu, mwanangu, nisikilize..."

"Nisikilize nini? Muuaji wewe! Umetaka kuniulia mtoto!"

Kwetu mama wa mume hafokewi. Ukikereka unameza, unainama, unasema asante. Mume wangu Yasunori alibaki amekauka kama dagaa, hajui ashike wapi.

Mama aliinama mpaka kichwa kikakaribia magoti.

"Nisamehe," akasema, akaondoka peke yake kuelekea stesheni.

Sasa wapendwa, kabla hamjanipa pole, ngojeni niwape mkasa wenyewe. Pole hiyo mtanipokonya wenyewe mkifika chini.

Binti yetu Kozue alikuwa ametimiza mwezi, na siku hiyo tulimpeleka hekaluni kushukuru. Kwa desturi anayembeba mtoto mbele ya miungu ni bibi mzaa baba. Mimi niliyetapika mimba nzima natembea nyuma nimeshika mwavuli! Nilikuwa na kijiba cha roho, siwafichi.

Maombi yalipoisha, Mama akanunua hirizi ya usalama barabarani, kamfuko kekundu ka hariri kenye uzi mweupe. Tulipofika kwenye gari akaifunga kwenye mkono wa kiti cha Kozue. Si mnavijua vile viti vya vichanga, unavyobeba kama kikapu halafu unavipachika siti ya nyuma, mtoto akitazama nyuma? Basi kina mkono mkubwa wa kubebea unaopita juu ya mtoto.

Mimi nikaulaza ule mkono chini. Hirizi ikaning'inia karibu na viatu.

"Misuzu, hirizi haikai chini namna hiyo. Ni kukosa adabu."

"Mama, kwenye gari mkono unalazwa. Ukiachwa juu, tukigongwa unampiga mtoto. Dada yangu Akiho ndiye aliyenifundisha."

"Kiti cha Akiho ni kama hiki?"

"Viti vyote ni viti, Mama!"

Nilimjibu kwa ukali. Akakaa nyuma pembeni ya mjukuu wake.

Njiani nikashuka dukani kununua chai ya moto. Niliporudi nilikaa mbele na Yasunori, na wala sikugeuka kutazama nyuma.

Tulisimama kwenye taa nyekundu. Nyuma yetu lori likateleza kwenye theluji...

PUUU!

Gari letu dogo likarushwa mbele. Chai yote mapajani. Kikafuata kimya ambacho siwaombei hata adui zenu wakisikie.

Kisha Kozue akalia.

Nikageuka. Mkono wa kiti ulikuwa JUU! Umepasuka katikati, uzi wa hirizi umekatika, kale kamfuko kako kifuani kwa mwanangu, na kwenye paji la uso ana alama nyekundu!

"Nani kaupandisha?"

Mama akakitazama kiatu chake. "Mimi... uliposhuka... hirizi ilikuwa inagusa kiatu changu..."

Ningetaka ushahidi gani tena? Tulipofika hospitali ndipo nikamwaga yale mliyoyasikia.

Daktari alimkagua Kozue kuanzia utosi mpaka kisigino. "Mzima," akasema. "Alama hii ni uzi tu umemchuna." Nilimshukuru, lakini moyo wangu ulikuwa umeshamhukumu mtu.

Mama hakukanyaga tena ndani kwetu. Alichofanya, asubuhi tukifungua mlango tunakuta mfuko umetundikwa kwenye kitasa. Mara figili, mara wali mwekundu wa maharage. Anapanda treni toka kwake Himi, anatundika, anarudi bila kubonyeza kengele.

Mimi vyote nikawa nampa jirani.

"Punguza basi," Yasunori akasema siku moja. "Ni mama yangu."

"Na huyu ni mwanangu!"

Kisha akakileta kile kiti kutoka gereji. Kikishapata ajali hakitumiki tena, kwa hiyo nikaanza kuvua kile kitambaa cha pinki nilichokishona mwenyewe, nikivalishe kiti kipya.

Chini ya kitambaa, ubavuni, kulikuwa na karatasi ya maelekezo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeifunika kwa urembo wangu.

Picha mbili. Kwetu mduara ni sahihi na mkato, ile alama ya X, ni kosa, hata mtoto wa chekechea anajua.

Mkono juu: mduara.

Mkono chini: mkato.

"Yasu... hebu soma wewe."

Akasoma. Kwamba kiti hiki mkono lazima ubaki juu gari likitembea, kwa sababu likigongwa, mkono ndio unaogota kwenye mgongo wa siti, kiti kisipinduke na kumbamiza mtoto uso.

"Ndiyo maana ulipasuka," akasema polepole. "Pigo ulilipokea wenyewe. Kumbe ungekuwa chini kama ulivyotaka..."

"Usimalizie! Nakuomba usimalizie!"

Nikampigia Dada Akiho huku nalia.

"Kitabu cha kiti CHANGU kinasema chini," akasema. "Changu, Misuzu! Wewe hukusoma cha kwako?"

Nilijiona mdogo kuliko sisimizi. Mtu aliyemwokoa mwanangu nilimwita muuaji, na wali wake nikaugawa.

Asubuhi tukaenda Himi. Mama alipofungua mlango nikapiga magoti palepale sakafuni. Naye akapiga magoti!

"Mimi ndiye mwenye kosa," nikasema.

"Hapana, ni mimi."

"Mama, inuka!"

"Inuka wewe kwanza!"

Yasunori akatuona tumegotanisha vichwa, akaingia ndani kuchemsha maji.

Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo nilipatia?"

"Ulipatia, Mama."

"Mimi nilikuwa naogopa hirizi isiguse kiatu tu." Akacheka, machozi yanamtoka. "Usinivike kilemba cha ukoka, mwanangu. Sote wawili hatukusoma. Mmoja wetu kabahatisha."

Nikamnyooshea Kozue ambebe. Akaficha mikono nyuma.

"Toka siku ile naiogopa mikono yangu."

Jamani... hapo ndipo niliposikia uzito wa mdomo wangu. Nikamwekea mtoto kifuani mwenyewe, nikamshikilia viwiko mpaka alipomkumbatia.

Jioni tukaamua aje akae kwetu wiki nzima. Alikuwa ameshairudisha hekaluni ile hirizi iliyokatika uzi, kama ilivyo desturi, na kuchukua nyingine. Mimi, mwanafunzi mpya wa usalama, nikapachika kiti kipya na kuupandisha mkono juu kwa mbwembwe zote, kama nilivyokuja nao toka Toyama.

"Haya Mama, funga hirizi yako hapo juu!"

Hakusogea.

"Umesoma?"

"Mama, si tumeshajua? Mkono juu!"

"Kiti hiki ni kama kile?"

Nikaganda. Hiki ni cha kampuni nyingine kabisa, Yasunori alikichukua kwa haraka. Na kitambaa changu cha pinki kilikuwa kimeshafunika ubavu.

Nikakifunua.

Mkono juu: mkato.

Mkono chini: mduara.

Njia nzima nimekuja na mwanangu mkono ukiwa mahali pa kosa, na nimejaa majivuno ya mtu aliyejifunza!

Mama hakunicheka wala hakuniambia "si nilikwambia". Aliulaza mkono chini taratibu, akakagua mara mbili, akakaa pembeni ya Kozue. Hirizi akaifumbata kiganjani, akaiweka mapajani mpaka tulipofika nyumbani, isiguse kiatu cha mtu.

Kile kitambaa nimekikata dirisha ubavuni.

Nyie mnaosoma hapa na mna vichanga, msinichukue mimi mwalimu, wala dada yangu. Shukeni mkasome kilichoandikwa kwenye kiti CHENU. Na kama kuna mama mkwe mliyemtukana kabla ya kusoma, mpigieni leo. Mimi wangu yuko jikoni anapika wali mwekundu, na leo jirani hapati hata punje.